Nani atapiga ulichotunga? Jibu kwa msomaji wa Jinja anayetaka kusomea muziki

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Walukuba, Jinja. Niko S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwisho wa mwaka nitafanya mtihani wa taifa wa UNEB. Napiga endingidi, zeze la uzi mmoja, niliyofundishwa na babu, ambaye kijijini, upande wa Iganga, bado anapiga embaire, marimba kubwa ya Busoga, na wenzake. Kanisani napiga kinanda, na nimeitungia kwaya nyimbo sita kwa solfa, yaani kwa herufi za do, re, mi. Mjomba wangu aliyeko Marekani ananihimiza niombe nafasi kwenye chuo kidogo cha huko, vile vinavyoitwa vyuo vya sanaa huria, nisomee kupiga na kutunga muziki. Baba anasema miaka minne ya kuchanganya muziki na falsafa na baiolojia ni kupotea njia. Je, vyuo hivi vinafundisha muziki kweli? Na mimi nichague kupiga au kutunga?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mfikishie baba salamu zangu. Swali lake ni la mzazi anayejua uzito wa karo, na nitalijibu. Ila nianze na lako la mwisho, kwa sababu umeliuliza kama mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba lazima achague.

Usichague. Wewe tayari unapiga na unatunga, na vyote viwili umevipata mahali pamoja, mikononi. Anayetunga bila kupiga huandika vitu visivyopigika, na anayepiga bila kutunga hukaa miaka akitekeleza mawazo ya wengine. Uzuri mkubwa wa chuo kidogo cha namna hiyo ni kwamba hakikulazimishi kugawanyika ukiwa na miaka 19.

Sasa jina. Chuo cha sanaa huria si shule ya sanaa. Ni chuo kidogo, mara nyingi chenye wanafunzi elfu mbili hivi, ambacho karibu wote waliopo wanasomea shahada ya kwanza. Unasoma miaka minne, unataja somo lako kuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili, na chuo kinakudai uguse mambo mengine pia: sayansi, lugha ya kigeni, uandishi, historia. Kwa kawaida muziki huchukua karibu theluthi moja ya masomo yako yote. Kwenye konsavatori, yaani shule ya muziki tupu, huchukua theluthi mbili hivi au zaidi. Kwa hesabu hiyo baba ana hoja: ukitaka kuwa mpiga fidla wa okestra, mtu wa kukaa na ala saa sita kila siku, konsavatori ndiyo njia yako. Lakini sivyo ulivyoniandikia.

Ndani ya theluthi hiyo moja mna mengi. Kila wiki unaingia chumbani na mwalimu wa ala yako, ninyi wawili tu, nusu saa au saa nzima. Unasoma nadharia na upatanifu wa sauti. Unafanya mazoezi ya sikio, ambapo mwalimu anapiga mstari kwenye piano nawe unauandika kwa nota, au unapewa karatasi usiyowahi kuiona uimbe papo hapo. Unapiga au kuimba kwenye kundi angalau moja. Unasoma historia ya muziki wa Ulaya na, kwenye vyuo vizuri, muziki wa mataifa mengine kwa uzito uleule. Mwaka wa mwisho unaandaa tamasha lako mwenyewe, kwa kawaida la saa moja hivi: la kupiga, la tungo zako, au la vyote viwili.

Vyuo havifanani. Oberlin, kule Ohio, kina chuo cha kawaida na konsavatori mahali pamoja, na mwenye nguvu anaweza kuchukua shahada mbili kwa miaka mitano. Lawrence, kule Wisconsin, nacho kina konsavatori na mpango kama huo. Bard, New York, imeijenga konsavatori yake juu ya shahada mbili: mwanafunzi wa muziki huchukua pia shahada ya somo jingine. St. Olaf, Minnesota, inasifika kwa kwaya yake iliyoanzishwa mwaka 1912. Wesleyan, Connecticut, ndiyo ningekuambia uitazame kwanza. Muziki wa nje ya Ulaya una mizizi mirefu pale. Ngoma za Ghana zilifundishwa na mwalimu Mghana, Abraham Adzenyah, kwa zaidi ya miaka 40, na wanafunzi hupiga gamelan, kundi la ala za kugonga za kisiwa cha Java. Vilevile vipo vyuo visivyo na konsavatori hata kidogo vilivyotoa watunzi wakubwa. Stephen Sondheim, mmoja wa watunzi wakubwa wa michezo ya muziki ya Marekani, alisomea muziki Williams, akamaliza mwaka 1950, na zawadi aliyopewa chuoni ndiyo iliyomwezesha kwenda kujifunza zaidi kwa mtunzi Milton Babbitt.

Hata hivyo orodha ya majina isikuchukue sana. Swali ninalotaka uwaulize wote ni moja: nani atapiga ninachotunga?

Vyuo vingi vina darasa la utunzi. Si vyote vinavyokuhakikishia kwamba ulichoandika kitasikika. Mwanafunzi anaandika kwenye kompyuta, programu inampigia kwa sauti za bandia, anapata alama, anaondoka. Programu haichoki wala haikosi pumzi. Haikuulizi upinde uvutwe juu au chini. Huwezi kujifunza kutunga kutoka kwa kitu ambacho hakikukatalii.

Nikueleze yaliyonipata. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye chuo kama hicho, niliandika kipande cha fidla mbili, viola na selo. Fidla mbili nilizifuma kama amadinda, marimba ya Buganda: ya kwanza inapiga, ya pili inajaza katikati. Kwenye karatasi ilipendeza. Siku ya kwanza ya mazoezi haikufika hata mstari wa pili. Msichana wa fidla ya pili kila mara alivutwa akaangukia juu ya nota za mwenzake. Alikuwa mpigaji hodari kunishinda mbali. Tatizo halikuwa vidole vyake. Mwalimu wetu wa utunzi alikaa kimya mpaka tukarudia mara ya nne, kisha akaniuliza: "Wewe ulipojifunza nyumbani, nani alikuwa wa kwanza?"

Nikakumbuka. Unajua amadinda inavyokaa: vibao 12 juu ya vigogo viwili vya mgomba, wapigaji watatu. Mmoja anapiga mfululizo wake, mkono huu na huu, sauti ileile juu na chini. Wa pili anaketi upande wa pili na kuweka mfululizo wake katikati kabisa ya nota za mwenzake. Wa tatu anasikiliza nota zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, anazirudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Mwalimu wangu wa amadinda hakuwahi kuniambia "wewe uko nyuma ya mwenzako." Kila mpigaji anausikia mpigo wake kuwa ndio mpigo. Wa pili hajihesabu kuwa wa pili. Lakini mimi, kwenye karatasi, nilikuwa nimemwandikia yule msichana kila nota yake baada ya kituo kidogo, kana kwamba anachelewa daima. Nilirudi chumbani nikahamisha mistari ya mizani, ile ya wima inayogawa mapigo, kwenye karatasi yake peke yake, ili kila nota yake ianze palipo na mpigo. Sauti ni zilezile, hakuna nota iliyobadilika. Wiki iliyofuata walipiga mwanzo hadi mwisho.

Hilo hakuna programu ingenifundisha. Lilihitaji mwili wa mtu anayekosea, mwalimu mwenye subira, na kumbukumbu ya mikono yangu mwenyewe. Chuo kidogo kina hivyo vyote ukikichagua vizuri, kwa sababu watakaopiga kazi yako ni wenzako mnaokula nao meza moja, na wewe unapiga ya kwao.

Uliza pia kama chuo kinaalika makundi ya wapigaji wa kulipwa kuja kusoma tungo za wanafunzi, na mara ngapi kwa mwaka. Uliza kama anayetunga anaruhusiwa kuandikia ala asizofundishwa pale. Nawe utakuwa na endingidi mkononi, hivyo uliza kama watakubali iwe ala yako ya masomo ya kila wiki au itabaki pambo la siku ya utamaduni. Majibu yao yatakuonyesha mengi. Kama huko hakuna mwalimu wa zeze la kwetu, na ni nadra awepo, wapo wanaokubali usome na mwalimu wa fidla au selo kwa masharti mnayopatana. Wapo watakaokutaka upige piano tu. Heri ujue mapema.

Kuna jambo la sauti zenyewe ambalo ningependa ulishike kabla hujaondoka. Amadinda hugawa oktavu moja kwa hatua tano zinazokaribiana kulingana. Umbali kati ya sauti hupimwa kwa senti: oktavu ina senti 1,200, kwa hiyo kila hatua ni kama senti 240. Piano ina hatua za 100, 200, 300. Hiyo 240 haipo kwenye piano. Inaangukia kati ya funguo. Ndiyo sababu ukipiga wimbo wa babu kwenye kinanda cha kanisa unasikia kitu kimepotea, ukadhani umekosea. Hujakosea. Ukitunga kwa ajili ya nyuzi, una bahati, maana fidla haina funguo na kidole kinaweza kutua popote. Mtunzi wetu Justinian Tamusuza alilielewa hili. Alisomea muziki hapa Kampala, akaenda Belfast kwa mtunzi Kevin Volans, kisha akafanya shahada ya uzamivu Northwestern, Marekani, na akarudi kufundisha Makerere. Sehemu ya kwanza ya kazi yake ya fidla mbili, viola na selo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la Marekani, kwenye albamu yao ya mwaka 1992. Ukiisikiliza utasikia Buganda ndani ya fidla, na hakuna ngoma hata moja. Joseph Kyagambiddwa naye alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ya mwaka uleule wa 1964 waliotangazwa watakatifu, kwa lugha na mwendo wa huku. Hutakuwa wa kwanza kupita njia hii.

Sasa kuhusu solfa. Umesema nyimbo zako sita zimeandikwa kwa solfa. Usizidharau. Watu wenye sikio la solfa hupita mazoezi ya sikio kwa urahisi kuliko wengi waliolelewa na piano. Lakini wapiga fidla hawatasoma solfa yako, na darasa la kwanza la nadharia litaanza na mistari mitano kana kwamba kila mtu amezaliwa nayo. Kati ya leo na safari, hii ndiyo kazi yako kubwa. Pakua MuseScore, ni ya bure, uandike upya nyimbo zako zote sita kwa nota za mistari, sauti zote nne. Ukimaliza wa sita utakuwa unasoma. Kampala Music School huandaa wanafunzi kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye madaraja 1 hadi 8. Ukiweza kupata nadharia ya daraja la 5, utaingia darasani bila hofu. Si sharti la vyuo hivi. Ni kinga yako tu.

Rekodi za maombi ni suala jepesi kuliko watu wanavyodhani. Vyuo vingi vinakubali video za simu. Piga vipande viwili visivyofanana, kimoja cha taratibu na kimoja cha kasi, bila kukata wala kuunganisha. Weka simu mahali isipotikisika, mbali kidogo na zeze, kwenye chumba chenye mapazia na magodoro ili sauti isirudi. Kwa utunzi tuma kazi mbili au tatu, karatasi pamoja na rekodi, na rekodi iwe ya watu: kwaya yako ya Walukuba ikiimba kwa moyo inashinda kompyuta mara mia. Andika maelezo mafupi ya endingidi ni nini, kwa sababu anayesikiliza huenda hajawahi kuiona.

Pesa. Hapa nitasema wazi kwa ajili ya baba. Vyuo vingi binafsi vya aina hii sasa vinataka zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, ukijumlisha masomo, malazi na chakula. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni 250, kila mwaka, mara nne. Hakuna mfanyakazi wa Jinja anayelipa hizo, wala hatakiwi kulipa. Vyuo tajiri kati yao huangalia uwezo wa familia na kufidia pengo lote. Tatizo ni kwamba vingi huutazama uwezo wako kabla ya kukukubali, kwa hiyo ushindani kwa mgeni anayehitaji msaada mkubwa ni mkali mno. Vichache, Amherst na Bowdoin miongoni mwao, vimekuwa vikiwapokea hata wageni bila kuangalia kwanza kama wanaweza kulipa. NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York, ambako pia kuna muziki ndani ya elimu ya namna hii, imekuwa ikitoa msaada mkubwa. Muulize mjomba kama anaijua. Masharti haya hubadilika, basi yasome kwenye tovuti ya chuo chenyewe mwaka unaoomba.

Utajaza fomu za mapato ya nyumbani. Kama baba hana hati ya mshahara ya kila mwezi, barua ya mwajiri au ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inayoeleza hali halisi husaidia, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza kama iko kwa lugha nyingine. Omba usamehewe ada ya maombi. Vyuo vingi hukubali ukieleza. Uliza kila chuo pia kama masomo ya ala ya mtu mmoja mmoja yanalipiwa kando. Nimewaona vijana waliopata msaada wa masomo yote wakakwama kwa ada ya masomo ya ala ambayo hakuna aliyewatajia. Ubalozi wa Marekani, Kampala, una washauri wa EducationUSA, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko. Usimlipe dalali yeyote akufanyie wanachokufanyia wao.

Kalenda nayo inabana. UNEB unaifanya Novemba na Desemba, na tarehe za mwisho za maombi mengi ni mwanzoni mwa Januari, kabla matokeo hayajatoka. Shule yako itume makadirio ya alama, na matokeo yafuate. Hivyo rekodi na nyimbo vikamilike kabla ya Oktoba, maana Novemba hutakuwa na kichwa cha kitu kingine.

Na chuo kikikukubali lakini kikakupa nusu ya pesa? Kataa. Nasema hivi nikijua inavyouma. Usimwache baba auze kiwanja kwa ajili ya nusu nyingine. Makerere ina idara iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa muziki, ngoma na drama, ambayo leo inaitwa ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Utapiga huko ala za kwetu na walimu waliozaliwa nazo, kwa karo ambayo familia inaweza kuipangia. Kyambogo nako muziki unafundishwa. Kisha uombe shahada ya uzamili nje, ambayo mara nyingi ina ufadhili ulio wazi zaidi. Tamusuza mwenyewe alisomea muziki hapa kabla ya kwenda ng'ambo.

Baba anauliza kama muziki utakulisha. Wanaoishi kwa muziki Kampala ninaowafahamu hawaishi kwa jambo moja. Mtu anafundisha asubuhi, anapangia kwaya nyimbo, Jumamosi anapiga harusini, anatengeneza sauti za filamu na matangazo. Baiolojia anayoihofia baba haitakuzuia hayo, na huenda falsafa ikakufundisha kuandika ombi la ufadhili linalosomeka. Wengine huchukua somo kuu la pili, kompyuta au uchumi, na chuo cha namna hii kinaruhusu. Sitamwahidi kwamba utakuwa tajiri.

Jambo moja la safari, kwa sababu limewaliza wengi uwanja wa ndege. Tazama ngozi ya endingidi yako. Kama babu aliiwamba kwa ngozi ya kenge, usisafiri nayo hivyo. Kenge yumo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na bila kibali forodha inaweza kuichukua isirudi. Engalabi, ile ngoma ndefu, ni vilevile. Mwombe babu aiwambe upya kwa ngozi ya ng'ombe iliyokauka na kusafishwa vizuri, na ukifika uitangaze forodhani. Sauti itabadilika kidogo. Anza kuizoea mapema, na rekodi za maombi zipige kwa ngozi hiyo mpya.

Embaire haitapanda ndege. Kwa hiyo nenda Iganga likizo hii na simu yenye nafasi ya kutosha. Usirekodi kundi zima tu. Mwombe kila mzee apige sehemu yake peke yake, taratibu, kisha apige na mwenzake mmoja, kisha wote, na umwulize kila mmoja anausikia mpigo wapi. Andika jina la kila kibao wanavyokiita wao. Vijana wengi wanaporudi kutoka masomoni hukuta sehemu moja ya wimbo imekosa mtu wa kuipiga. Anza na ya babu.